Manjano Yako Yamekwenda Wapi?

Haya niliyazungumza Jumamosi mbele ya watengenezaji wa sabuni na mafuta ya ngozi, katika ukumbi wa skuli moja huku kusini Unguja. Waliokosa wameniomba niyaandike. Nimeyaacha yalivyotoka, isipokuwa pale nilipokatiza kupisha adhana.

Assalaam alaykum. Wazee wangu mlionitangulia, shikamooni. Dada zangu, wadogo zangu, hamjambo? Mbona sauti ya watu ambao hawajala? Haya, nimesikia, nitajitahidi kufupisha.

Nimekuja na vipande viwili vya sabuni. Naomba mpokezane, kila mmoja akitazame, akinuse, ampe mwenzake. Hiki cha kwanza nilikinunua duka la zawadi, la nani sitaji. Lebo yake inasema sabuni ya manjano. Niambieni, kina rangi gani? Huyu anasema tofali. Yule anasema udongo wa shamba. Mama pale mbele anasema chai iliyolala. Mbona hakuna aliyesema manjano? Manjano yamekwenda wapi?

Nani hapa hajawahi kufua kanzu nyeupe iliyomwagikiwa mchuzi wa biriani? Doa ni la njano. Ukiligusisha sabuni tu, linageuka jekundu, unashtuka, unadhani umeharibu nguo ya mtu. Ukisuuza, linarudia unjano wake. Ukianika juani, jioni unalitafuta hulioni. Mnacheka kwa sababu mnalijua. Basi kanzu hiyo ilikufundisheni kemia yote ya manjano bila kukutozeni ada. Mimi niliisomesha kemia miaka kumi na moja kabla sijaanza kupika sabuni, na sikuwahi kuwa na mfano mzuri kuliko huo.

Kile kinachoyapa manjano rangi yake, ambacho ndicho tunachokitaka kwa ajili ya ngozi, kinaitwa kurkumini. Kina maadui wawili wakubwa: ukali wa magadi, na mwanga wa jua. Kwenye maji yenye pH, yaani kipimo cha uchachu na ukali, ya 7.2, yaani yamevuka kidogo tu yale maji safi yasiyo chachu wala ukali, yakiwa na joto la mwili, kiasi cha asilimia 90 ya kurkumini huharibika ndani ya nusu saa. Na sabuni zetu hizi, hata zikikomaa vizuri, pH yake ni 9 mpaka 10. Mnaona tulichokifanya? Tumechukua manjano, tukayatumbukiza kwenye kitu kinachoyaua haraka, kisha tukaliandika jina lake kwa herufi kubwa. Hiyo si lebo, jamani. Hiyo ni tanzia.

Ndiyo maana leo nakuombeni jambo moja tu. Mtu akikusifia bidhaa yake, usimuulize ametia nini. Muulize amekifanyaje. Alikikausha wapi? Alikisaga kwa kitu gani? Alikitoa kwa maji au kwa mafuta? Alikipa moto kiasi gani, na wakati gani? Lebo inataja kilichoingia sufuriani. Ngozi inapata kilichotoka salama.

Bibi yangu, Mungu amrehemu, hakuwahi kuisikia pH. Lakini alikuwa akiitwa kumwandaa biharusi kuanzia Makunduchi mpaka mjini. Singo yake ya kumsugulia biharusi mwili aliitwanga mwenyewe kwenye kinu: mawaridi makavu, asumini, langilangi, karafuu chache. Liwa aliisugua juu ya jiwe kwa marashi, pale pale, siku ile ile. Na manjano? Manjano alikuwa akiyaloweka kwenye mafuta ya nazi tangu jana yake, kwenye kopo lenye kifuniko, ndani ya kabati. Sabuni aliiweka mbali kabisa. Biharusi alioga kwanza, akakaushwa, ndipo akapakwa.

Nilipokuwa mtoto nilidhani ni mila tu. Siku hizi naona kila alichokifanya kilikuwa na sababu. Ukitia manjano kwenye maji matupu ukayaacha, yanatulia chini kama mchanga, kwa sababu kurkumini haiyeyuki majini. Ukiyatia kwenye mafuta, mafuta yanaishika. Kopo lenye kifuniko, kabatini: hakuna mwanga. Kuoga kwanza, kupakwa baadaye: ukali wa sabuni haukutani na manjano. Bibi alitimiza masharti yote bila hata kuyajua majina yake.

Kwa hiyo ukitaka kuuza manjano, pasha mafuta uliyotia manjano kwenye bakuli lililowekwa juu ya sufuria ya maji ya moto, moto mdogo, saa moja au mbili. Chuja kwa kitambaa kilichobana. Tia nta ya nyuki yawe mazito, funga kwenye chombo kisichopitisha mwanga. Mwambie mteja kabisa kwamba yatamtia rangi shuka. Si lazima kila kitu tukitie kwenye sabuni! Sabuni inakaa mwilini dakika moja, kisha inakwenda na maji.

Na madhali nimeitaja sabuni, niseme hili haraka kwa vijana wanaoanza. Nunueni mizani. Kilo moja ya mafuta ya nazi inahitaji gramu 183 hivi za kostiki soda ili yote igeuke sabuni. Sisi tunapunguza asilimia 5, tunatia gramu 174, ili yabaki mafuta kidogo ya kulainisha ngozi. Anayepima kwa kikombe cha chai anauza moto. Na kostiki ndiyo inayotiwa kwenye maji. Maji hayamwagwi juu ya kostiki, yatakurukia usoni. Kisha subirini wiki nne mpaka sita sabuni ikomae. Najua kodi ya nyumba haisubiri. Subirini hivyo hivyo.

Sasa nasikia minong'ono huko nyuma: kumbe ukali ni mbaya, na moto uwe mdogo, basi tukamue kila kitu baridi. La. Hapo ndipo nilipopotea mimi mwenyewe, miaka mitatu mizima.

Mnajua mafuta ya nazi ya nyumbani yanavyopikwa. Unakuna, unakamua tui zito, unalibandika jikoni, unakoroga mpaka maji yaishe, mafuta yapande, shata lianze kugeuka rangi ya kahawia. Mafuta yananukia nazi ya kukaanga. Mimi nilipojifunza njia ya baridi, nikaona ile ya bibi ni ya kizamani. Nikawa naliacha tui kwenye chupa kubwa ya kioo mpaka kesho yake. Asubuhi unakuta matabaka: maji chini, ute mweupe juu, na katikati mafuta angavu kama maji ya kisima. Unayachota taratibu kwa upawa. Mazuri? Mazuri mno. Nikaandika "hayakuguswa na moto", nikauza bei maradufu.

Halafu nikasoma kazi ya watafiti wa Sri Lanka, wenzetu wa nazi wale. Walilinganisha mafuta ya njia ya moto na ya njia ya baridi, wakapima fenoli, yaani vile vitu vinavyozuia mafuta kuchacha na vinavyopambana na uharibifu. Mnadhani yapi yalikuwa na fenoli nyingi? Yaliyopikwa! Nilikaa kimya muda mrefu siku ile. Sababu yake ni rahisi ukishaambiwa: kwa njia ya baridi, fenoli nyingi zinabaki kwenye maji, na maji tunayamwaga. Kwa njia ya moto, maji yanakauka kidogo kidogo, fenoli zinakosa pa kukaa, zinahamia kwenye mafuta. Lile sufuria jeusi la bibi nililolicheka lilikuwa na hoja.

Msinielewe vibaya. Njia ya baridi si mbaya. Inakupa mafuta meupe, laini, yenye harufu nyepesi, na wapo wateja wanaoyataka hivyo. Ninachokataa ni kuligeuza neno "baridi" kuwa sifa ya kila kitu. Mafuta ya nazi, yawe ya moto au ya baridi, karibu nusu yake ni asidi ya lauriki, na hiyo haiharibiki kwa moto wa jikoni. Kinachopoteza harufu na vile vitu vidogo vidogo ni usafishaji wa kiwandani, ambapo mafuta ya mbata yanapaushwa, kisha yanaondolewa harufu kwa mvuke wa joto linalozidi nyuzi 200.

Mwaka 2008 madaktari wa Ufilipino walichapisha jaribio la watu wazima 52 wenye ukurutu. Wengine walipaka mafuta ya nazi yasiyosafishwa kiwandani, wengine mafuta ya zeituni ya aina hiyo hiyo, mara mbili kwa siku kwa wiki nne. Wa nazi waliokuwa na vijidudu vya stafilokoki kwenye ngozi walikuwa 20. Mwishoni akabaki navyo mmoja. Wa zeituni walikuwa 12, wakabaki 6. Nakusomeeni haya mjue mnachokishika mkononi kina thamani. Sikukusomeeni ili muende kuwaambia watu mnatibu ukurutu. Sisi si hospitali.

Adui mkubwa wa mafuta ya nazi, kwa njia yoyote ile, ni maji yaliyobaki ndani. Chukua kijiko, tia mafuta yako, kiweke juu ya moto. Yakilia cha-cha-cha, yana maji, rudisha jikoni. Yakinyamaza, fungasha. Kipimo hicho hakina gharama, na kimeniokolea madebe mangapi sijui.

Nije kwenye limao na ndimu, maana wengi wenu mnapenda harufu hiyo.

Kuna kijana wetu, mtoto wa kaka yangu, alikuwa akiuza maji ya miwa kando ya barabara. Kazi yake kutwa ni kukamua ndimu, juani. Siku moja akaja nyumbani mikono imebabuka, na baada ya malengelenge kukauka yakabaki madoa meusi kama mtu aliyechorwa michirizi ya wino. Mama yake akasema amerogwa. Mwingine akasema ni mashine. Kumbe ni ndimu. Kwenye ganda la ndimu mna vitu vinavyoitwa furokumarini. Vikikaa kwenye ngozi, jua likavipiga, ngozi inaungua. Madoa yale yalichukua miezi kuondoka.

Sasa sikilizeni vizuri. Mafuta ya ndimu yaliyokamuliwa baridi kutoka kwenye ganda yanabeba furokumarini hizo. Mafuta ya ndimu yaliyokenekwa kwa mvuke hayana shida hiyo, kwa sababu mvuke unapanda na harufu, na furokumarini ni nzito, zinabaki chini kwenye pipa. Tunda moja. Mti mmoja. Njia mbili. Moja inaunguza juani, nyingine haiunguzi. Mkinunua mafuta ya ndimu kwa mtu mjini, muulizeni: umeyafanyaje? Akikujibuni "haya ni ya asili", mwambieni hata upupu ni wa asili.

Lakini kukeneka hakufanyi kitu kuwa salama, kunakifanya kiwe chenyewe zaidi. Wapemba mnaijua kazi ya kukeneka makonyo, vile vikonyo vya karafuu, kule Wawi. Karafuu na makonyo yake yakikenekwa, yanayotoka sehemu kubwa ni eujenoli, kali kweli kweli. Karafuu tano kwenye singo ya bibi ni jambo jingine, na mafuta ya karafuu ni jambo jingine kabisa. Kwa bidhaa inayobaki mwilini usivuke nusu asilimia: gramu 5 kwa kilo nzima. Nimemwona mtu akimimina kwa kifuniko cha chupa, akisema anataka "isikike". Ilisikika. Mteja alilia.

Shubiri nitaipita mbio. Ukilikata jani, lisimamishe wima ndani ya bakuli mpaka ule utomvu wa njano ushuke wote. Huo unawasha, usiuchanganye na ute. Ute wenyewe usiuchemshe. Kwisha.

Tumefika kwenye mwani, na hapa mniruhusu nikae kidogo, maana huu ni wetu.

Mwani wa biashara ulianza kulimwa huku kwetu mwaka 1989, kwa mbegu iliyotoka Ufilipino. Mama zetu wameingia baharini wakiwa wasichana, sasa ni mabibi, migongo imepinda, na miaka yote hiyo tumekuwa tukiuanika, tukiufunga kwenye viroba, tukiupeleka ng'ambo. Kule wanautoa karaginani, yaani ule ute wake unaoganda, wanaitia kwenye dawa za meno, kwenye losheni, kisha tunainunua. Dakta Flower Msuya, mtafiti wa mwani wa hapa kwetu, amekuwa akilisema hili miaka mingi, na akina mama wengi wameanza kusaga na kupika sabuni kwa sababu yake. Nami ni mmoja wa walionufaika.

Ila sabuni yangu ya kwanza ya mwani ilikuwa aibu. Niliuokota mwani uliokuwa umeanikwa mchangani, nikautwanga, nikautia. Dada mmoja akaoga nayo, akanipigia simu: "Hii ni sabuni au msasa?" Mchanga, dada zangu. Mchanga na chumvi. Na vipande vya mwani vilikuwa vikubwa kama chenga za mchele.

Nikaanza upya. Suuza mwani kwa maji baridi mara tatu, nne, mpaka ukiuonja ulimini chumvi imepungua. Anika kwenye chanja iliyoinuliwa, si mchangani, na mvua ikitisha uingize ndani. Saga kwa mashine, kisha pitisha kwenye kitambaa cha mtandio, si kwenye chekeche la unga. Kinachopita kwenye mtandio ukikisugua kati ya vidole hukisikii. Kinachobaki rudisha mashineni. Wamarekani waliipitisha oti, nafaka jamaa ya shayiri, iliyosagwa laini sana kuwa kinga ya ngozi mwaka 2003, na nguvu yake iko kwenye kule kusagwa: ikiwa laini, inaelea kwenye maji na kuikalia ngozi. Nafaka ile ile ikiwa chenga, ni uji.

Halafu kuna ule ute. Hapa ndipo mwani unapopendeza. Chukua mwani uliosuuzwa, uloweke usiku kucha, asubuhi utakuta umevimba, unateleza. Tia maji mapya, upike moto wa wastani, ukoroge. Baada ya muda nyuzi zinapotea, maji yanakuwa mazito, yanavutika kwenye mwiko. Chuja yakiwa moto, usingoje yapoe, yatakugandia kitambaani. Ule mwani mwembamba tunaouita spinosamu, ambao bei yake ni ya kutupwa, ukipoa unatoa ute laini unaotingishika. Kotonii, ile aina nyingine ya mwani tunayoilima, inatoa ute mgumu unaokatika kwa kisu. Kwa losheni mimi naitaka ile spinosamu ya bei ya kutupwa! Inatandaa mwilini vizuri, inaacha utando mwembamba unaoshika unyevu. Kotonii nayo inazidi kuwa tabu kulimwa maji yanapopata joto, kwa hiyo ni bahati kwamba tunayoihitaji ndiyo iliyobaki.

Na tafadhali, usitie ndimu wakati unapika ili "kuondoa shombo". Uchachu pamoja na moto vinaikatakata karaginani, ute unakuwa maji, umepika bure. Shombo ondoa kwa kusuuza.

Jambo moja lilinigharimu. Nilifurahia ute ule, nikaujaza kwenye vikopo ishirini, nikavipeleka hotelini bila kitu cha kuuhifadhi. Siku ya nne meneja akanipigia. Vikopo vimeota nywele. Vyote ishirini. Mafuta matupu yasiyo na maji hayaoti ukungu, lakini ukishatia maji umewafungulia wageni mlango. Ute wa mwani tieni kihifadhi kinachopimwa kwa mizani, au utengenezwe asubuhi ukatumike jioni. Njia ya tatu sijaiona.

Kile kipande cha pili cha sabuni kimefika wapi? Kiko kwa yule kijana wa mwisho. Nyanyua juu wakione. Hicho ni cha mwani. Nusu ya maji yake ni ute wa spinosamu, na unga wake umepita kwenye mtandio wangu wa Idi, ambao sasa hauvaliki tena. Lebo yake haina maneno mengi. Imeandikwa mwani umetoka kijiji gani, umesuuzwa mara ngapi, na sabuni imekomaa wiki ngapi.

Pale mezani kuna bakuli la spinosamu niliyoiloweka tangu jana, na jiko limeshawashwa. Kaeni upande wa dirishani muone ute unapoanza kuvutika. Kipaza sauti nampa mama wa khanga ya kijani, maana amenyanyua mkono tangu nilipoitaja ndimu.